Jongoo na Mti Wake

Ukimkosea Mswahili kosa lisilosameheka, huenda asikupige wala asikutukane. Atakutupa, jongoo na mti wake. Hataki kukuona wewe wala ulichokalia. Picha yenyewe ni ya nyumbani: jongoo kaingia sebuleni, hakuna anayetaka kumgusa kwa kidole, maana atatoa yale maji yake ya manjano yanayoacha doa na harufu isiyotoka upesi. Anaokotwa kwa kijiti, vyote viwili vinarushwa nje, mlango unafungwa.

Kaskazini ya Mombasa, kando ya barabara ya kwenda Malindi, kuna msitu uliosimama kwa sababu usemi huo uligeuzwa nje ndani. Jongoo waliokotwa kwa mamia, wakapelekwa mtini makusudi.

Msitu huo ni Haller Park, Bamburi. Wengi waliokwenda hukumbuka twiga wanaolishwa na wageni, au kisa cha Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapa na kujishikiza kwa Mzee, kobe mkubwa wa Aldabra aliyekadiriwa kuwa na miaka 130. Kisa hicho kilizunguka dunia, na kilistahili. Mimi kila nikikisikia nawaza juu ya kitu ambacho hakuna aliyekipiga picha. Chini ya kiboko yule na kobe yule palikuwa na udongo. Miaka thelathini na kitu kabla ya hapo palikuwa na jiwe tupu.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, na malighafi yake ilikuwa chini ya miguu: mawe ya matumbawe ya kale, yaliyojengwa na viumbe wa baharini zamani hizo bahari ilipokuwa juu kuliko leo, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Ni jiwe la ukoo mmoja na lile lililojenga nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa na kuta za magofu ya Gede. Tofauti ni kwamba waashi wa zamani walichonga matofali ya kutosha nyumba, ilhali kiwanda huondoa ardhi nzima. Machimbo yalishuka mpaka karibu na maji ya chini, ambayo pale yana chumvi. Nyuma yake ikabaki sakafu nyeupe isiyo na kivuli, yenye kuakisi jua kama bati. Hata magugu, ambayo kwa kawaida hayangoji kualikwa, yalikuwa hayaoti.

Aliyepewa kazi ya kupaotesha kitu alikuwa mtaalamu wa kilimo cha bustani. René Haller, Mswisi, alifika Afrika Mashariki mwaka 1956 kusimamia shamba la kahawa huko Kilimanjaro, na mwaka 1959 akaajiriwa Bamburi kwa kazi ya kawaida kabisa: kulima mboga na matunda ya wafanyakazi. Mwaka 1971 akageukia machimbo. Hakuwa mwanajiolojia wala daktari wa wanyama, na nadhani hiyo ilikuwa bahati. Mtu wa kitalu amezoea jambo moja ambalo wengine huliona aibu, yaani kupanda kitu kikafa, akapanda kingine.

Akajaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili ni tatu: mnazi, damas, mti wa Wasomali unaoota kwenye mabonde makavu, na mvinje.

Mvinje kila mtu wa pwani anaujua, ule mti wa ufukweni unaovuma upepo ukipita, mpaka mgeni anadhani ni mvua inakuja. Asili yake ni pwani za Asia ya Kusini-Mashariki, Australia na visiwa vya Pasifiki, ila umekaa kwetu siku nyingi hata tumeupa jina. Yale yanayoonekana kuwa majani marefu membamba si majani. Ni vitawi vya kijani vilivyogawanyika pingili pingili, na jani lenyewe limepungua likabaki meno madogo kwenye kila kifundo. Maji hayapati mahali pengi pa kutorokea. Chumvi mvinje unaivumilia, upepo hauukatishi tamaa.

Siri yake kubwa iko chini. Kunde na choroko hupata naitrojeni kutokana na bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi, kila mkulima amefundishwa hivyo. Mvinje si wa jamii ya kunde, lakini nao una mpangaji wake, bakteria waitwao Frankia, wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mti, nao mti unawalipa sukari. Kuna pia kuvu wanaoizunguka mizizi na kuusaidia kufyonza fosforasi iliyonaswa kwenye jiwe. Ndiyo maana watu wa vitalu wanaootesha mvinje huchota udongo kidogo chini ya mti mkongwe na kuuchanganya kwenye miche. Wanahamisha mti pamoja na wapangaji wake.

Kwa hiyo mivinje ikaota, ikarefuka, ikatoa kivuli. Mtu mwingine angepiga picha, akaandika ripoti na kwenda zake. Lakini vitawi vikavu vilikuwa vinadondoka na kulala palepale. Mwezi ukipita vipo, msimu ukipita vipo, zulia la kahawia linaloongezeka unene bila kuwa udongo. Tatizo lilikuwa tanini. Hii ni kemikali ambayo mimea mingi huiweka mwilini kwa kujihami. Hushikamana na protini na kuifanya isimeng'enyeke. Pwani hii tuliifanyia biashara kabla hatujajua inaitwaje: magome ya mikoko yalisafirishwa kwenda kwenye viwanda vya ngozi, kwa kuwa ngozi iliyoshiba tanini haiozi. Vitawi vya mvinje vimeshiba hivyohivyo. Bakteria na kuvu wa kuozesha wanavijia, wanaonja, wanakawia. Haller alikuwa na miti iliyopandwa juu ya jiwe na takataka zilizokataa kuwa mboji. Msitu haukuwa umeanza.

Hapo ndipo akaingia jongoo. Ni yule mkubwa wa pwani, mweusi mwenye miguu myekundu, ambaye wanasayansi humwita Epibolus pulchripes. (Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaomnunua na kumfuga kwenye kisanduku cha kioo sebuleni. Bibi yangu angeomba astahiwe asisimuliwe habari hiyo.) Ilionekana kwamba jongoo huyu anakula vitawi vikavu vya mvinje bila kujali uchungu wake. Wakakusanywa mamia, wakaachiwa chini ya mivinje.

Kazi afanyayo jongoo ni ya kinu kuliko ya uchawi. Chakula chake kina lishe haba, kwa hiyo inambidi ale kingi, na sehemu kubwa ya anachokula hutoka nyuma ikiwa imesagwa tu, imelowa, imefinyangwa vidonge vidogo. Kitawi kizima kilikuwa na ngozi ngumu na mahali pachache pa kushika. Kilichosagwa kina nyuso elfu. Maji ya mvua yanaingia na kuondoka na sehemu ya tanini, kuvu na bakteria wanapata pa kuanzia, na mara nyingi jongoo hurudi kukila tena kile alichokitoa, sasa kikiwa kimestawi vijidudu. Bandu bandu huisha gogo. Baada ya misimu kadhaa ya masika, juu ya jiwe pakawa na mboji, sentimeta chache, nyeusi, yenye kushika maji. Mbegu zilizoletwa na ndege na popo sasa zikawa na pa kulala.

Tumezoeshwa kwamba mtunza bustani ni adui wa walaji. Shajara yake imejaa vita: viwavi, konokono, panya, kima. Bustani nzuri, kwa kipimo hicho, ni ile isiyoliwa. Anayetunza mimea ya hifadhi ya wanyama anaanzia upande wa pili kabisa. Mmea usioliwa na yeyote kwake ni mmea usio na kazi, na swali lake la kwanza kuhusu mche wowote huwa, nani ataula, na nini kitatoka kwake baada ya kula?

Haller alilifuata swali hilo kutoka kwa jongoo hadi kwa wanyama wenye kwato. Nyasi zilipoanza kuota chini ya miti, wakaja wala nyasi, na samadi yao ikarudi ardhini. Kwenye mabwawa yaliyopatikana mahali machimbo yalipoyakaribia maji wakawekwa viboko. Kiboko hula nyasi usiku, kilo 40 hivi, kisha hurudi majini na kuziacha humo zikiwa mbolea. Mwani unanawiri, samaki wanapata riziki. Kwa lugha ya bwana shamba, kiboko ni gari la samadi linalojiendesha lenyewe na lenye hasira.

Nisije nikaifanya kazi hii ionekane kama ndoto. Nyikani, twiga akishambulia mgunga hasimami hapo siku nzima. Mgunga nao una tanini, una miiba, na twiga huonja huku akisogea kule, mti ukapata wiki za kupumzika. Ndani ya uzio hakuna kule. Mti uleule unatembelewa asubuhi, mchana na jioni na ulimi wenye urefu wa karibu nusu mita. Ukipanda mche mahali pa twiga bila kuuzungushia kinga, umempa kitafunio. Kinga yenyewe inapaswa kudumu mpaka kilele kipite kimo cha twiga, yaani zaidi ya mita 5, na hiyo ni miaka. Ndiyo sababu katika hifadhi ndogo majani hukatwa kwingine na kuletwa, na ndiyo sababu, kwa jicho langu, zile punje za chakula ambazo watoto wa shule huwanyooshea twiga kiganjani ni sehemu ya utunzaji wa bustani. Kila kiganja kilichojaa kinakiokoa kitawi fulani.

Kuna na sumu. Oleanda hupendeza malangoni na haina haja ya maji mengi, lakini majani machache yake yanatosha kuusimamisha moyo wa mnyama mkubwa. Lantana inaharibu ini la wala nyasi. Mfano ninaoupenda zaidi ni utupa. Mkulima anausifu utupa, kwani unarutubisha ardhi kwa naitrojeni kama jamaa zake wa kunde, nao hukua haraka. Mvuvi wa mtoni naye anaujua kwa kazi nyingine: majani yake yakipondwa na kutiwa majini, samaki huelea wamelewa. Upande utupa kando ya bwawa la perege, na mvua ikazoa majani, utakuwa umetenda wema upande mmoja wa mche na maafa upande wa pili. Kitabu cha kilimo kitakwambia mmea huu ni rafiki. Hakikuuliza nani anaishi chini ya bonde.

Na kobe? Watu humwona kama pambo la kupigia picha. Huko Morisi, kwenye kisiwa cha Île aux Aigrettes, kobe wa kienyeji walikwisha kuliwa na mabaharia karne zilizopita, na mipingo ya kisiwani ikabaki inaangusha matunda chini yake bila wa kuyachukua. Wahifadhi wakaleta kobe wa Aldabra, binamu za Mzee. Wakala matunda, wakatembea kwa mwendo wao, wakaacha mbegu mbali na mama, na mbegu zilizopitia tumboni zikaota vizuri kuliko zilizookotwa tu. Kisiwa kilimwajiri kobe kazi ya kitalu.

Bamburi mivinje yenyewe haikukusudiwa kukaa milele, na ndipo penye kazi ngumu zaidi ya mtunza bustani, japo haionekani kuwa kazi. Mche wa mvinje unataka jua. Chini ya kivuli cha wazazi wake hauinuki. Mti uliofungua njia hauwezi kujirithi. Mboji ikishafika, zamu ni ya miti ya asili ya misitu ya pwani, ile inayopenda kuanza maisha kivulini, na ili ipate mwanga wa kurefukia lazima mivinje ipunguzwe, mmoja hapa, mitatu pale, kwa hesabu. Ukikata mingi mno, jua linarudi na kuikausha mboji iliyochukua miaka kujikusanya. Ukiuonea huruma mti uliokuokoa, wanaouzunguka wanadumaa.

Kwa hiyo panga linapita, na msumeno. Mti wa mvinje una soko zuri pwani: nguzo zake husimamisha mapaa ya makuti ya mahoteli, boriti nyembamba huenda kwa wajenzi, matawi huenda jikoni. Gogo linachanwa, linapakiwa, linaondoka. Vitawi vinaachwa palepale vilipoanguka. Mvua ya kwanza ya masika ikishanyesha, ukipita asubuhi utatazama unapokanyaga, kwa kuwa njia nzima imejaa weusi wenye miguu myekundu, wanavuka.