Hisopo: Si Muti, Si Majani

Katika mafundisho watu huuliza: hisopo ni kitu gani? Tunaitaja katika Zaburi ya 50 (ya 51 kwa hesabu ya Kiebrania), lakini hapa Kindu haioti. Mwalimu mumoja hujibu ni muti, mwingine ni majani tu. Kweli iko katikati.

Tutazame kwanza lumbalumba ya lupango, ile tunayotia katika samaki na kuchemsha kwa kikohozi. Wataalamu huiita Ocimum gratissimum, jina alilotoa Linnaeus mwaka 1753. Shina lake lina pembe nne, na juu ni laini, lavunjika kwa vidole. Lakini uiname: karibu na udongo limekuwa gumu, lina ganda, lataka kisu. Juu majani, chini muti. Ukikata na kuacha shina kadiri ya shubiri moja, litachipuka tena. Anayeng'oa pamoja na mizizi kwa haraka ya soko amewanyima jirani zake dawa.

Hisopo ya Maandiko ni ya namna hiyo. Ile ya bustani za Ulaya, Hyssopus officinalis, haioti yenyewe katika Nchi Takatifu. Wengi waliochunguza wanaona kwamba ile ya Waebrania ni Origanum syriacum, jamaa ya lumbalumba: chini ngumu, juu laini, majani yenye manyoya madogo. Manyoya hayo hushika maji au damu, na mukono ukitikisika yanaachilia matone. Basi tunafahamu kwa nini Musa aliagiza kifungu cha hisopo usiku wa Pasaka (Kutoka 12, 22). Hata sisi mapadri, tukikosa chombo cha kunyunyizia huko vijijini, twakata tawi lenye majani mengi.

Tena mufalme Solomoni alipozungumza juu ya miti, alianza na mwerezi wa Libano akafika kwa hisopo ya ukutani (1 Wafalme 5, 13, katika Biblia nyingine 4, 33). Anayefundisha kwamba hisopo ni muti mukubwa ameyaharibu maneno hayo.

Iko shida moja. Yoane 19, 29 anaandika kwamba sifongo ya siki iliwekwa juu ya hisopo; Mateo na Marko wanataja tete. Shina laini litabebaje sifongo? Wengine walidhani mwandishi wa kale alichanganya neno la Kigiriki hyssos, maana yake mukuki. Mimi sioni lazima. Kifungu cha mashina makavu, pamoja na sehemu zake ngumu za chini, chaweza kuibeba. Na Yoane alitaka tuikumbuke damu ya mwana-kondoo juu ya miimo ya milango kule Misri.