Ndege ya Mabaka Barazani Kilindoni

Jumamosi moja, baada ya sala ya Alasiri, mzee mmoja wa hapa Kilindoni alitufuata ofisini kwa kamati. Akaketi, akasema kwa sauti ya chini: "Ustadhi, mwanangu ameleta sanamu nyumbani. Ni ndege ya vita. Nataka mje mnisaidie kumkataza." Tulimwomba tuione kwanza, kwani haifai kuhukumu jambo la kusikia.

Tulimkuta kijana, mwanafunzi wa kidato cha tatu, amejifungia chumbani akipuliza rangi, madirisha yamefungwa. Hilo tulilikemea papo hapo, na kazi ikahamishiwa barazani, naye akavaa barakoa. Ndege yenyewe ni Spitfire ya Uingereza, vipande vya plastiki alivyoletewa na mjomba wake aliyeko Maskati. Imepunguzwa mara 48, hata mabawa yake hayazidi sentimita 24.

Kuiunganisha ni kazi ya siku chache; uzito uko kwenye rangi. Kijana hutumia kalamu ya chuma yenye kikombe kidogo, iliyounganishwa kwa mpira na kompresa ya kuazima kwa fundi wa pikipiki. Rangi huzimuliwa hadi iwe nyepesi mfano wa maziwa, na shinikizo lisizidi sana paundi 20. Alianza na tumbo kwa rangi ya mbingu iliyofifia, akaliziba kwa tepu ya karatasi, kisha mgongo wote akaupaka kahawia ya udongo. Halafu akaviringisha udongo laini wa kuchezea mfano wa tambi nene, akazilaza juu ya mabawa kwa kufuata mikunjo ya mchoro. Sehemu zitakazobaki kahawia akazijaza vipande vya tepu, ndipo akapuliza kijani. Akina mama wanaotumia stika za hina wataifahamu hila hii upesi: palipozibwa hapapati rangi. Ila kalamu isimame wima. Ikilala, rangi huingia chini ya kizuizi.

Na iliingia. Bawa la kushoto alilifanyia haraka, tepu hakuikandamiza, kijani kikavuja. Hewa ya Mafia nayo haikumhurumia: unyevu uligeuka matone ndani ya mpira, yakatoka pamoja na rangi. Ilimbidi asugue kwa msasa laini, aanze upya.

Tulimweleza mzee kwamba wanazuoni wametofautisha picha ya chenye roho na kisicho na roho, na kwamba Ibn Abbas (Radhi za Allah ziwe juu yake na baba yake) alimwelekeza mchoraji kwenye miti na visivyo na roho. Hilo alilikubali. "Lakini ya vita," akasema. "Na mabaka haya ya nini?"

Kijana akajibu kwa adabu kwamba ndege za mwaka 1940 zilipakwa hivyo ili adui aliye juu azichanganye na mashamba ya chini, na aliye chini azichanganye na mbingu. Zilizopelekwa jangwani zilipewa rangi ya mchanga. Mzee akanyamaza kidogo. "Basi ni kama manowari ya Rufiji."

Ndivyo. Wajerumani waliificha Königsberg kwenye delta ya Rufiji, ng'ambo ya kisiwa chetu, wakaifunika matawi ifanane na mikoko. Waingereza waliitwaa Mafia Januari 1915, na kutoka hapa wakarusha ndege za mbao na kitambaa kuitafuta na kuwaelekeza wapiga mizinga wa Severn na Mersey, hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai mwaka huo. Mzinga wake mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Vita vile havikuwa vyetu, lakini vilipita juu ya mapaa yetu, na twaona ni aibu vijana wetu wajue mashamba ya Uingereza kuliko mikoko ya Rufiji. Tulimwambia kijana hivyo, naye akauliza kama vipande vya ndege za 1915 vinauzwa popote.

Mzee hakusema ameridhika. Alikaa barazani, akauliza bei ya rangi, akaguna. Rangi ilipokauka kidogo, kijana alianza kubandua tepu, taratibu, akiikunja nyuma juu yake yenyewe. Kipande cha mkiani kikamgomea kwa kuwa kucha zake ni fupi. Mzee akavaa miwani.

"Lete hapa," akasema.