Kamera Kando ya Maji ya Kiangazi

Septemba na Oktoba, mpiga picha aliyeko Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hana haja ya kuzunguka kutwa akitafuta wanyama. Maji machache yaliyobaki huwaita yenyewe. Kinachobaki ni kujua nani atakuja kunywa, na gari lisimame wapi ili asikose maji kwa sababu yako.

Nyati na pundamilia hula nyasi, na nyasi za kiangazi ni kavu, kwa hiyo hawawezi kukaa mbali na maji. Jipange karibu na dimbwi, watafika. Tembo mkubwa anaweza kunywa zaidi ya lita 100 kwa siku, naye hakosi. Lakini ukimsubiri digidigi hapo utazeeka bure: unyevu wa majani anayokula humtosha. Mtafute vichakani.

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni korongo la Mwagusi. Juu ni mchanga mtupu, maji yako chini. Tembo hukwangua kwa mguu na mkonga mpaka shimo lianze kutoa maji, kisha hungoja yatulie, akanywa taratibu. Akishaondoka, wengine hupokezana kwenye kisima alichokiacha: nyani, swala, ndege. Magari mengi huwasha injini tembo anapogeuza mgongo, na hapo ndipo kazi nzuri inapoanza. Kaeni.

Mchanga mweupe huidanganya kamera. Ikiona weupe mwingi hupunguza mwanga, na tembo hutoka mweusi asiye na macho wala mikunjo ya ngozi. Ongeza mwanga kwa hatua moja hivi, kisha kagua. Kunasa matone yanayoruka kutoka mkongani, kasi ya shata isipungue 1/1000 ya sekunde. Adhuhuri hewa iliyo juu ya mchanga wa moto hutetemeka, na picha ya mbali hukosa ukali hata kama lenzi ni ya mamilioni. Hapo hakuna ujanja: piga walio karibu, au ungoje jioni. Vumbi nalo lisikupe presha. Usibadilishe lenzi ovyo, funika kamera kwa khanga, na uilaze juu ya kifuko cha maharage dirishani. Kifuko hicho nakithamini kuliko vyuma vingi vinavyouzwa madukani.

Suala la mahali pa kusimama ndilo zito. Mnyama anayefika majini ana kiu na ana hofu, maana simba naye anajua maji yako wapi. Anayetangulia husimama, hutega masikio, hunusa. Akigeuka, kundi zima linaweza kugeuka naye, likarudi porini bila kunywa. Gari lililoziba njia yao hufanya kazi ileile ya simba. Simama pembeni, barabarani, injini imezimwa, upepo ukitoka kwao kuja kwako. Kwa twiga ongeza subira. Ili kinywa kifike majini lazima apanue miguu ya mbele, na akiwa hivyo hawezi kukimbia upesi. Ndiyo maana huchunguza muda mrefu kabla ya kuinama. Dereva akianza kukuharakisha, mwombe radhi na umwambie bado.

Nina ugomvi na picha nyingi za kiangazi. Zinamvuta mnyama karibu mno hata mto hauonekani. Kiboko aliyebanwa kwenye tope, ukimkata hivyo, anaonekana kama anastarehe. Mto Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Tangu 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi, na sababu kubwa ni maji yanayochukuliwa huko juu, bonde la Usangu, kumwagilia mashamba ya mpunga. Simlaumu mkulima anayetafuta riziki, ila mto huohuo ndio unaolisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Habari hiyo haionekani kwenye jicho la kiboko. Inaonekana kwenye kitanda cha mto kilichopasuka nyuma yake.

Kwa hiyo kabla hujaondoka, weka lenzi fupi upige picha pana: mnyama, dimbwi na mto mkavu pamoja. Chini yake andika mahali na tarehe, na mwakani, mwezi uleule, uipige tena kutoka palepale.