Ngeli Uwanjani

Aghalabu mtoto afundishwapo ngeli za Kiswahili huanzishwa kwa jedwali: hunakili kutoka ubaoni A-WA, KI-VI, LI-YA, akaamriwa alihifadhi kabla hajatambua lina faida gani, hata siku ya mtihani ikafika jedwali lote li kichwani mwake, ilhali ulimi wake bado wasema “kifaru kimekimbia”. Kosa hilo lina asili yake. Sarufi ya Bi. Ashton, iliyopigwa chapa mwaka 1944, iliyapanga majina kwa viambishi vyake yenyewe. Walimu wa siku hizi wa Kenya na Tanzania huyapanga kwa upatanisho, yaani kwa alama ambayo jina hukipa kitenzi, na kwa kaida hiyo kifaru, kiboko na kipofu, wajapoanza kwa KI, wote ni wa A-WA. Upatanisho basi haudhihiriki katika jina likiwa peke yake, bali sentensi inapokwenda. Ndiyo maana naona uwanja waufaa kuliko ubao.

Mwalimu na achore kwa jivu miduara tisa, katika kila mmoja aandike alama moja: A, WA, KI, VI, LI, YA, U, I, ZI. Kila mtoto apewe kipande cha boksi chenye jina, kisha mwalimu atamke “-meanguka!”, nao wakimbilie mduara wa umoja, kila mtu akiitamka sentensi yake kwa sauti. Apigapo kofi, wahamie wingi. Hapo ndipo penye utamu, kwani mwenye mti na mwenye ukuta walikuwa wamesimama pamoja katika U, wakijiona ndugu. Kofi likilia, wa kwanza hukimbilia I, maana miti imeanguka, na wa pili ZI, maana kuta zimeanguka. Huko I humpisha mwenye nyumba, anayetoka mbio kwenda ZI.

Desturi ya kumtoa mchezoni aliyekosea siipendi hata kidogo, madhali huyo ndiye mwenye haja ya kucheza zaidi. Heri apewe yeye zamu ya kupiga kofi, awatazame wenziwe, kisha arudi. Na wapo wanaohitaji subira: mtoto ambaye kwao ni Kijaluo hakuzoea ngeli za namna hii, ilhali mwenziwe Msukuma anazo katika lugha ya mamaye, ijapokuwa viambishi ni vingine.

Vivumishi vya kumiliki na viahirishwe. Rafiki ameanguka, naye husimama katika A bila shaka. Lakini akiwa mmoja husemwa rafiki yangu, na wakiwa wengi rafiki zangu, kwa alama za I-ZI, hata mwenye kadi hiyo ingempasa aweke mguu huku na mguu kule. Watoto wa darasa la sita hulicheka fumbo hilo wakalifumbua. Wa darasa la tatu litawatia wasiwasi bure.