Hatari ya Mlango wa Bandari, Kutoka Mombasa hadi Kituku

Mabaharia wa karne ya 15 hadi ya 17 waliiogopa nchi kavu kuliko kilindi cha bahari. Kilindini dhoruba ikivuma, nahodha aliweza kukunja matanga na kuiacha merikebu ikimbizwe na upepo kwa siku kadhaa bila kugonga kitu, lakini alipoikaribia bandari nafasi ilipungua, kina kilipungua, na kosa dogo halikuwa na pa kurekebishwa. Ndiyo maana vyombo vilivyovuka bahari mbili salama viliangamia mbele ya macho ya watu waliokuwa wakivingojea ufukweni.

Umbo la merikebu hizo lilichangia sana. Merikebu ya biashara ya Wareno iliyoitwa nau ilikuwa na tumbo pana, ilizama sana majini, na sehemu kubwa ya matanga yake ilikuwa ya mraba, kwa hiyo ilikwenda vizuri upepo ukitoka nyuma, ila haikuweza kubisha kwa urahisi, yaani kupanda dhidi ya upepo kwa kwenda mshazari huku na huku. Haikuwa na mtambo, hivyo upepo ukikatika mlangoni mwa bandari ilibaki mikononi mwa mkondo. Hapo mabaharia walishusha mashua na kuivuta kwa makasia, au waliipeleka nanga mbele kwa mashua, wakaitosa, kisha wakaivuta merikebu kwa kamba mpaka ilipo nanga, wakarudia tena na tena.

Pwani ya Waswahili iliongeza magumu yake. Sehemu kubwa ya pwani hiyo imezungukwa na miamba ya matumbawe, na kila bandari ina mlango, yaani mkato katika mwamba unaopitisha chombo. Wakati wa bamvua, maji makubwa yanayokuja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari ya Mombasa hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, na fungu lililoonekana wazi asubuhi huwa limefichika mchana. Rubani, yaani mjuzi wa bandari aliyepanda merikebu ili kuiongoza, alizijua alama za pwani, rangi za maji na saa za kujaa na kupwa. Mgeni alitegemea bildi, kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba ya kupimia kina, chombo kinachoeleza kina cha mahali merikebu ilipo na kunyamaza kuhusu mwamba ulio mbele yake.

Msafara wa Mreno Vasco da Gama unaonyesha jambo hilo waziwazi. Mwanzoni mwa Aprili 1498, kabla ya alfajiri, merikebu yake ya São Rafael ilipanda fungu karibu na Mtang'ata, kusini mwa Tanga, ikapwelewa mpaka maji yalipojaa na kuinyanyua. Muda mfupi baadaye msafara ulitia nanga nje ya Mombasa, na ulipong'oa nanga ili kuingia ndani, merikebu ya da Gama mwenyewe ilikataa kugeuka, ikabidi nanga itoswe tena. Marubani waliochukuliwa Msumbiji walijirusha majini wakakimbia. Wareno waliamini kwamba walikuwa wametegwa, na tukio hilo linaweza kutazamwa kwa upande wa siasa tu. Hata hivyo, merikebu isiyogeuka katika mlango mwembamba ingekuwa hatarini hata kama wenyeji wote wangekuwa marafiki. Malindi ndiko da Gama alikopata rubani aliyemfikisha Calicut, nchini India, Mei 1498. Januari 1499, wakati wa kurudi, kiseyeye kilikuwa kimeua mabaharia wengi kiasi kwamba merikebu tatu hazikuwa na watu wa kutosha, na São Rafael ilichomwa moto palepale ilipokuwa imekwama.

Waswahili wenyewe walikuwa na vyombo vilivyolingana na pwani yao. Mtepe, uliounganishwa kwa kamba za nazi badala ya misumari, uliweza kupwelewa juu ya mchanga bila kupasuka, kwa sababu mbao zake zilipinda kidogo na kurudi.

Wala Wareno hawakuwa salama hata nyumbani kwao. Septemba 1606 merikebu Nossa Senhora dos Mártires, iliyotoka Cochin nchini India ikiwa imejaa pilipili manga, iligonga miamba kwenye mlango wa mto Tagus na kuvunjika karibu kabisa na Lisbon. Wanaakiolojia waliochimba mahali hapo mwishoni mwa karne ya 20 walizikuta punje za pilipili hiyo chini ya maji.

Msomaji wa Keshero, mtaa wa mji wa Goma ulio kando ya ziwa Kivu, anaweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya bahari, kwa kuwa ziwa hilo halina matumbawe wala maji kujaa na kupwa. Lakini tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi, iliyotoka Minova, ilipinduka mita mia chache tu kutoka bandari ya Kituku mjini Goma. Gavana wa Kivu Kusini, Jean-Jacques Purusi, alisema ilibeba watu 278 na kwamba waliokufa walikuwa 78. Wakati huo vita vilikuwa vimeikata barabara ya Goma kwenda Minova, na ziwa lilibaki kuwa njia ya watu na ya vyakula. Miaka sita kabla yake, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka katika ziwa Victoria kikiwa karibu kufika kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa. Kilikuwa kimeruhusiwa kubeba abiria 101.

Hapa mwamba haukuhitajika. Chombo husimama wima pale uzito wake unapokuwa chini na umegawanyika sawa pande mbili. Abiria wakirundikana juu, uzito hupanda. Wakiiona nchi kavu na kusimama pamoja kuelekea upande wa kushukia, chombo hulala, maji huingia, na maji hayo hukimbilia upande ulioinama na kuuongezea mzigo. Dakika za kukaribia gati, ambazo abiria huziona kuwa za usalama, ndizo zinazodai uangalifu kuliko zote.

Watu wahesabiwe Minova kabla ya boti kung'oa nanga, kwa maana katikati ya ziwa hesabu haimwokoi mtu, na Kituku iwekwe mamlaka yenye uwezo wa kuzuia boti iliyojaa kupita kiasi. Naye abiria anayeziona nyumba za Keshero zikikaribia abaki ameketi hadi kamba zifungwe, na amsihi aliye jirani yake aketi pia.