Chembe Zisizotulia: Siri ya Maji, Mvuke na Hewa ya Jikoni

Jiko la nyumba yoyote mjini Kampala, liwe katika kambi ya Mbuya au katika nyumba za polisi za Nsambya, ni darasa la sayansi. Sufuria ni kitu kigumu, maji yaliyomo ndani ni kimiminika, na mvuke unaopanda juu ni gesi. Akina mama huviona vitu hivi vitatu kila siku. Kujua tofauti yao si jambo la wanafunzi peke yao, kwani kunaweza kupunguza gharama ya makaa na, zaidi ya hayo, kuokoa maisha.

Wataalamu wamethibitisha ya kuwa vitu hivi vyote vimeundwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na kwamba chembe hizo hazitulii. Kitu kikipashwa moto, chembe zake huongeza mwendo, kikipoa, huupunguza.

Askari ataelewa upesi kwa mfano wa gwaride. Katika kitu kigumu, chembe zimepangwa kama askari wanaopiga hatua papo hapo: kila mmoja anatikisika lakini haondoki mahali pake. Ndiyo sababu chuma hushika umbo lake. Katika kimiminika, chembe zimekaribiana lakini zinapishana, mfano wa watu waliosongamana katika soko la Owino. Kwa hiyo maji hufuata umbo la chombo. Katika gesi, kila chembe hukimbia kivyake kama mtoto aliyefunguliwa shule, mpaka igonge ukuta au chembe nyenzake. Chembe za hewa tunayovuta zinakwenda kwa wastani wa zaidi ya mita 400 kwa sekunde.

Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea, Robert Brown wa Uskoti, alitazama kwa darubini vijipande vidogo vilivyotoka katika chavua ya maua, akaona vinachezacheza majini bila kukoma. Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwa hesabu kuwa vijipande hivyo husukumwa na chembe za maji zenyewe, na baadaye vipimo vya Mfaransa Jean Perrin vikathibitisha hesabu hiyo.

Sasa turudi kwenye sufuria. Maji huchemka pale chembe zake zinapopata nguvu ya kushinda mkandamizo wa hewa iliyo juu yake, zikatoka kwa wingi kuwa mvuke. Kampala iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mkandamizo wa hewa yake ni mdogo kuliko wa Mombasa. Kwa hiyo maji ya Kampala huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za Sentigredi badala ya 100, na maharagwe huchelewa kidogo kuiva.

Hapa ndipo makaa mengi hupotea bure. Maji yakishachemka, kuongeza moto hakuyaongezi joto. Hufukuza tu chembe nyingi zaidi kuwa mvuke. Ni afadhali kuloweka maharagwe usiku kucha, kufunika sufuria na kupunguza moto mara yanapochemka. Kwa maji ya kunywa, nyuzi 96 zatosha kuua vijidudu vya maradhi, mradi maji yaachwe yatokote kwa dakika moja kamili.

Mtungi wa gesi nao wataka uangalifu. Ndani yake gesi imeshindiliwa mpaka ikawa kimiminika, na lita moja ikitoka nje huwa gesi ya lita 250 hivi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kuweza kuufikia moto ulio mbali. Imetiwa harufu makusudi ili ivujapo itambulike. Mwenye kuisikia harufu hiyo asiwashe kiberiti wala asiguse swichi ya umeme. Afunge vali, afungue milango na madirisha, na awatoe watoto nje.

Lakini iko gesi isiyo na harufu wala rangi. Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksidi, hata yanapokuwa mekundu bila moshi. Usiku wa mvua na baridi, wapo wanaoingiza sigiri chumbani na kufunga madirisha. Chembe za gesi hiyo huenea kila pembe, na pazia linalotenga kitanda cha watoto haliwezi kuzizuia. Zikiingia mwilini hushikamana na damu mahali pa oksijeni, na aliyelala huweza kufa bila kuamka. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Mwenye dalili hizo atolewe upesi kwenye hewa safi na apelekwe hospitali.

Wazazi wanaweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa tone moja la wino katika glasi ya maji yaliyotulia. Bila kukorogwa, wino utaenea taratibu mpaka glasi nzima ibadilike rangi. Gesi ya sigiri huenea vivyo hivyo, tena kwa haraka zaidi. Basi kila usiku kabla ya kulala, sigiri itolewe nje na vali ya mtungi ifungwe.