Sikio la Shangazi

Mmekaa vizuri? Na wewe wa mlangoni sogea, unatuzibia upepo.

Shangazi yangu wa Tandale, Dar es Salaam, alikuwa anamuuguza bibi aliyepata kiharusi. Mchana akisinzia, sisi watoto tulimcheka: shangazi kalala na mwiko mkononi! Hatukuujua usiku wake.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, asije akatoka vidonda vya kulalia. Haya, pigeni hesabu. Usingizi huenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90. Shangazi alimaliza mmoja, wa pili ukianza kunoga, zamu imefika. Amka, geuza, nyoosha shuka, lala. Na hapo nyumba na mtaa bado havijadai chao.

Ili usingizi ushike, joto la mwili hushuka kidogo, kama nyuzi moja. Chumba kikikataa kupoa, watu hulisingizia bati la paa, wakalionea bure. Jua likizama bati hupoa upesi. Mchokozi ni ukuta wa tofali za saruji: hunywa joto mchana kutwa, kisha hulitema usiku, saa ileile unayotafuta usingizi. Ungefungua dirisha, lakini nje kuna mbu, kuna vibaka, na Jumamosi kuna kigodoro, spika zimepangwa kama makabati, ngoma mpaka alfajiri.

Sasa sikilizeni ajabu yenyewe. Ubongo uliolala hauzibi masikio, huchambua sauti. Bodaboda zilipita dirishani, shangazi hakutikisika, alikwisha kuzizoea. Bibi akikohoa tu, kikohozi cha kuku, shangazi keshakaa kitako. Ndiyo maana kigodoro kilimtesa mara mbili: kilimkata usingizi, halafu kikamtia hofu kwamba kikohozi kitamezwa na spika.

Siku moja mama alikwenda kumpokea zamu. Shangazi akapewa chumba cha uani, mbali na barabara, chandarua kipya, feni ya kuazima. Saa saba usiku bibi akakohoa. Mama alipogeuka, shangazi yuko mlangoni, khanga begani, macho nusu yamefumba.

“Wifi, nipo. Kalale.”

Usiku wa pili akaja tena.

Usiku wa tatu bibi alikohoa kwa nguvu kuliko siku zote. Mama akautazama mlango wa uani. Haukufunguka.